vCenter imekwama katikati ya 6.7 na 7.0: ni DNS, ni saa, ama ni uchawi?

#1 raki_ya_pili · Ijumaa, saa 3:52 usiku

Wadau salaam. Niko na hosti tatu za ESXi (seva zinazobeba kompyuta pepe, yaani VM) kwenye kachumba Industrial Area, Xeon E5-2650 za kizazi cha kwanza, leseni ya Essentials, zile za kununua mara moja ukasahau. vCenter, ile programu ya VMware ya kusimamia hosti zote pamoja, ilikuwa 6.7. Leo watu walipotoka saa kumi na moja nikaanza kuipandisha iende 7.0.

Hatua ya kwanza ilienda kama maji. Apliansi mpya, yaani VM yenye vCenter ndani, ikapanda na IP yake ya muda. Hatua ya pili ikanakili data, ikaizima ile ya zamani, hii mpya ikavaa jina na IP ya mwenzake, halafu ilipofika pa kuwasha huduma ikakaa. Dakika arobaini. Saa nzima. Mwishowe alama nyekundu.

Poti 5480 inafunguka. Ukurasa wa kuingia unakuja. Nikiweka nywila ya administrator inazunguka weee, halafu inanitupa nje. `service-control --status --all` inaonyesha vpxd, huduma kuu ya vCenter, imelala.

VM zote zinaendelea kufanya kazi, huko nje hakuna anayejua lolote. Lakini Jumatatu saa mbili asubuhi mkubwa anataka kuona mambo kwa skrini. Je, niendelee kupigana na hii ama nisimamishe vCenter mpya kabisa nisahau ya zamani?

#2 ni_dns_tu · saa 3:55 usiku

DNS.

#3 ni_dns_tu · saa 3:57 usiku

Samahani, nimekujibu kwa haraka. Ni DNS.

Haya, kwa urefu: jina liende kwa IP na IP irudi kwa jina lile lile. Watu wengi huweka rekodi ya A wakasahau ya PTR, hiyo ya kurudi. Na usijaribu kutoka kwa laptopu yako, laptopu itakudanganya. Ingia kwa apliansi yenyewe, piga `nslookup` mara mbili, mara moja kwa jina na mara moja kwa IP.

#4 MamaSeva · saa 4:03 usiku

Kabla hamjamchinjia kuku, tumuulize mgonjwa anaumwa wapi. raki_ya_pili, tupe `df -h` na mistari ya mwisho ya `/var/log/vmware/vpxd/vpxd.log`. Na uniambie, nywila ya root uliibadilisha lini? Kwa kawaida hiyo huisha baada ya siku 90, na ikiisha vitu vinakataa bila kukuambia kwa nini.

#5 raki_ya_pili · saa 4:11 usiku

Root iko sawa, niliibadilisha wiki jana kwa ajili ya kazi hii. NIMEPATA SHIDA LAKINI. Kwenye ile ya zamani `/storage/archive` imejaa asilimia 96! Nifute nini?

#6 MamaSeva · saa 4:13 usiku

USIFUTE KITU.

#7 mzee_wa_jenereta · saa 4:20 usiku

Msikilize mama. `/storage/archive` imeumbwa kujaa. Humo ndimo hifadhidata inaweka kumbukumbu zake za nyuma, na ikikaribia ukingo inajisafisha yenyewe. Ukiiona tupu ndiyo uogope. Ya kuangalia ni `/storage/log`, `/storage/seat` na ile ya mzizi. Na usiishie kwa `df -h`, piga na `df -i`. Diski inaweza kuwa na nafasi tele lakini idadi ya faili ikawa imefika mwisho.

Kulikuwa na kijana mmoja hapo nilipokuwa nikifanya kazi zamani. Aliona archive imejaa, akaenda kufuta. Akaona hiyo haitoshi, akahamia `/storage/db`. Tulilala ofisini siku mbili. Kijana siku hizi anauza magari na anasema ana amani.

#8 raki_ya_pili · saa 4:24 usiku

Sawa, sijagusa. Log asilimia 71, seat 40, mzizi 52. `df -i` haina shida popote.

#9 kiazi_karai · saa 4:31 usiku

Mimi naona ni swichi. Hiyo VM mpya iliwekwa kwenye kundi gani la poti? Kama ni swichi iliyosambazwa, yaani vDS, na kundi halijawekwa kuwa la ephemeral, VM mpya haipati poti wakati vCenter imelala, kwa sababu vCenter ndiyo inayogawa poti. Kuku na yai. Ilinipata Upper Hill mwaka juzi, nikakaa nikitazama kadi ya mtandao imekataa kuunganika kama mtoto aliyenuna.

#10 shemeji_wa_linux · saa 4:35 usiku

#9 kweli kabisa, lakini si ya huyu. Amesema Essentials. Leseni ya Essentials haina vDS, haina vMotion ya kuhamisha VM ikiwa hai, haina hata HA ya kuziwasha kwingine hosti ikifa. Swichi yake ni ya kawaida tu. Tena poti 5480 inamfungukia, maana yake mtandao upo.

#11 kiazi_karai · saa 4:36 usiku

Hapo umenimaliza. Narudi kwa viazi vyangu.

#12 mpwani · saa 4:50 usiku

Kwanza, mwanangu, "niko na hosti" ndiyo nini? Nina hosti. Huko bara mnaua lugha halafu mnashangaa seva zikiwagomea.

Pili, tazama saa. Mfumo mzima wa kuingia kwenye vCenter ni tokeni zenye muda. Tokeni hupigwa muhuri wa saa, na saa zikitofautiana anayepokea anaiona haijaanza kutumika ama imeshakufa. Anakutupa nje bila maelezo. Hiyo "inazunguka halafu inanitupa" naijua sana.

#13 raki_ya_pili · saa 4:58 usiku

Shikamoo mpwani, nina hosti tatu 😀

Na kweli! Nimeangalia logi, zinasema 18:47 wakati kwangu ilikuwa saa nne kasorobo. Saa tatu nzima nyuma! Ndiyo hiyo?

#14 mzee_wa_jenereta · saa 5:02 usiku

Hapana. Logi ziko kwa UTC, na sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu, mwaka mzima, hatuna mambo ya majira. 18:47 yao ndiyo 21:47 yetu, yaani saa tatu na dakika arobaini na saba. Wewe unasema saa nne kasorobo. Ni hesabu ile ile, hakuna kosa hapo.

#15 kiazi_karai · saa 5:04 usiku

Saa tatu usiku ambayo ni ishirini na moja ambayo ni kumi na nane. Halafu tunashangaa tokeni inachanganyikiwa. Hata mimi ningemtupa nje.

#16 mpwani · saa 5:09 usiku

Usitazame logi ya apliansi. Ingia kwenye hosti zenyewe, moja moja, kwa SSH:

`esxcli system time get`
`esxcli hardware clock get`

Zote zinapaswa kusoma UTC. Kama hosti moja inasoma saa ya ukutani ya Nairobi, basi iko mbele saa tatu na mtu ameidanganya.

#17 raki_ya_pili · saa 5:21 usiku

Maneno haya.

Hosti ya 1: 20:17
Hosti ya 2: 23:17
Hosti ya 3: 20:17

Na apliansi mpya niliiweka hosti ya 2 kwa sababu ndiyo ilikuwa na RAM, 7.0 hata ile saizi ndogo kabisa inataka GB 12.

#18 mpwani · saa 5:22 usiku

😎

#19 shemeji_wa_linux · saa 5:34 usiku

Naweza kueleza mtu alivyofika hapo, kwa sababu mimi ndiye mtu huyo katika kampuni nyingine. Kibetri cha ubao mama kinakufa. Stima inapotea, UPS inaisha, seva ikiamka inadhani ni zamani sana. Fundi anaingia BIOS, anatazama saa yake ya mkono, anaandika saa hiyo hiyo. ESXi haina habari ya Nairobi wala Nakuru, kila unachoiandikia inakichukua kuwa ni UTC. Tayari uko mbele saa tatu.

Kwangu ilitokea baada ya usiku wa 25 Agosti 2023, ile Ijumaa nchi nzima iliingia gizani. Niligundua miezi mitano baadaye. Dawa ilikuwa kibetri cha CR2032 cha pale Luthuli, bei ya soda mbili. Na kuwasha NTP, ya kusawazisha saa kupitia mtandao, kwa hosti, kitu ambacho ningekifanya tangu siku ya kwanza.

#20 ni_dns_tu · saa 5:41 usiku

Yote mazuri. Lakini bado hajatuonyesha `nslookup`. DNS yake inakaa wapi?

#21 raki_ya_pili · saa 5:47 usiku

DNS ni VM. Ndiyo domain controller pia (seva ya AD, ya akaunti za Windows). Iko... hosti ya 2.

#22 ni_dns_tu · saa 5:47 usiku

🙃

#23 MamaSeva · saa 6:05 usiku

Polepole jamani. Kitu kimoja hakikai vizuri. raki_ya_pili, ulipoona ya mpya imekataa, ulifanya lile la kawaida, kuizima mpya na kuwasha ya zamani? Uzuri wa upandishaji wa hivi ni kwamba ile ya zamani haiguswi, inabaki imezimwa na data zake. Kama 6.7 inafunguka, hauna dharura, una usiku mrefu tu.

#24 raki_ya_pili · saa 6:12 usiku

Nilifanya. Sikuwaambia kwa sababu niliogopa mtanicheka. Ya zamani inawaka, huduma zote juu, lakini nayo inakataa nywila yangu. Ile ile niliyoitumia saa kumi na moja jioni.

#25 shemeji_wa_linux · saa 6:14 usiku

Ehe! Sasa mambo yamekuwa mengine. Ya zamani iko hosti gani?

#26 raki_ya_pili · saa 6:15 usiku

Hosti ya 1. Yenye saa nzuri.

#27 fundi_wa_vyeti · saa 6:40 usiku

Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aseme STS na hakuna aliyesema. Mnacheza na saa na DNS wakati muuaji amekaa sebuleni.

vCenter ina cheti cha kusaini tokeni, ndicho hicho cha STS. Hicho hakionekani kwenye kivinjari, si kile cha kufuli, kwa hivyo unaweza kuangalia kufuli ukaona miaka mingi imebaki huku cha kusaini kimeoza. Apliansi zilizowekwa upya kuanzia 6.5 U2 zinaweza kuwa na cha miaka 2 tu. Siku kikifa, walio ndani hawajui. Ila anayejaribu kuingia upya anakataliwa, na ukiwasha upya huduma nazo zinagoma. Na yeye leo amewasha upya.

Kilinikuta Jumapili mchana, niko kwenye ruracio (sherehe ya mahari) ya binamu yangu Murang'a, simu moja ya mtandao duni, nikimsomea amri mlinzi wa usiku aliyekubali kuwa mikono yangu. Aliandika kila herufi vizuri kuliko watu ninaowalipa.

Pakua `checksts.py`, iendeshe kwenye ya zamani kama root. Kama kimekufa, piga snapshoti kwanza ndipo uendeshe `fixsts.sh`.

#28 MamaSeva · saa 6:48 usiku

Nakuheshimu fundi, ila swali: upandishaji hauanzi mpaka uweke nywila ya SSO (mfumo wa kuingia, wenye akaunti ya administrator) ya vCenter ya zamani na ikubaliwe. Alikubaliwa jioni. Cheti kilichokufa kingemkatalia pale pale.

#29 fundi_wa_vyeti · saa 6:51 usiku

Vyeti pia hufa saa moja usiku, dada. Havingoji kufungua ofisi.

#30 raki_ya_pili · saa 7:10 usiku

Nimeendesha checksts. Hakijafa. Kimebakisha siku 11.

#31 kiazi_karai · saa 7:12 usiku

Siku 11! Mgonjwa wa saratani tunampima malaria.

Lakini subiri, miaka miwili iliyopita nani aliweka 6.7 mpya? 7.0 ilitoka 2020.

#32 raki_ya_pili · saa 7:15 usiku

Aliyenitangulia. ISO ndiyo iliyokuwa kwenye flashi.

#33 mzee_wa_jenereta · saa 7:30 usiku

Hiyo ndiyo IT ya Kenya kwa sentensi moja.

Kuhusu ya zamani kumkataa, mimi sioni cheti wala saa. Naona vidole. Mwanangu, ulijaribu nywila mara ngapi?

#34 raki_ya_pili · saa 7:31 usiku

Kwa hasira? Kama kumi na tano.

#35 mzee_wa_jenereta · saa 7:33 usiku

Akaunti ya SSO hujifunga ukikosea mara tano ndani ya dakika tatu, halafu hujifungua baada ya dakika tano. Ila wewe ulikuwa unagonga tu, kila ikikaribia kujifungua unaifunga tena. Na usisahau, hatua ya pili ilikuwa inanakili data. Kama ulianza kugonga kabla haijamaliza kunakili, kufuli limehamia nyumba mpya pamoja na vyombo. Ondoka kwa kibodi. Kunywa chai. Rudi baada ya robo saa, andika mara moja, polepole.

#36 ni_dns_tu · saa 7:36 usiku

Nywila yenyewe ameiweka sawa jioni, angekosea vipi mara ya kwanza kabisa? Kuna kitu kilimkatalia kabla hajakasirika. Hicho ndicho tunatafuta. Na domain controller iliyo mbele saa tatu itakataa kila mtu, AD haivumilii zaidi ya dakika tano. Maana yake DNS na AD yake zote ziko juu ya hosti mbovu. Kwa hivyo hata ikiwa ni saa, ni DNS.

#37 mpwani · saa 7:40 usiku

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Akaunti anayotumia ni administrator ya SSO, haimo AD, haihitaji domain controller. Saa ni saa, msiivishe kanzu ya DNS.

#38 mhubiri_wa_proxmox · Jumamosi, saa 1:20 asubuhi

Bwana asifiwe ndugu zangu. Nimeamka nikakuta posti 37 za watu wanaopigania kuingia kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameshabadilisha kodi. 7.0 yenyewe msaada wake uliisha 2 Oktoba 2025. 6.7 uliisha Oktoba 2022. Broadcom alinunua VMware Novemba 2023 na leseni za kununua mara moja zikaondolewa mezani mwezi uliofuata. Huyu kijana anapanda ngazi inayoelekea dari lililofungwa.

Proxmox, mbadala wa VMware, kuanzia 8.2 ina kifaa cha kuingiza VM moja kwa moja kutoka ESXi. Hakuna apliansi tofauti ya usimamizi, kila hosti inajisimamia. Hakuna hatua ya kwanza wala ya pili.

#39 kiazi_karai · saa 1:31 asubuhi

Sadaka inapitishwa saa ngapi?

#40 MamaSeva · saa 1:58 asubuhi

Mhubiri, mimi nina Proxmox kwenye SACCO moja na naipenda, lakini usiwaambie watu haina siku zake. Nilikuwa na seva mbili tu kwenye klasta. Stima ikapotea, moja ikaamka, nyingine umeme wake ukakataa. Hiyo moja ilikaa pale ikasema peke yangu siwezi kuamua, sina akidi. VM hazikuwaka hata moja. Wanachama wako nje wanataka pesa zao, mimi natafuta `pvecm expected 1` kwa simu. Siku hizi kuna kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi nyuma ya swichi ambacho kazi yake ni kupiga kura ya tatu. Mwenyekiti alipokiona akauliza kama ni mtego wa panya.

#41 mhubiri_wa_proxmox · saa 2:04 asubuhi

Hiyo ya akidi ni kweli. Nimetubu.

#42 shemeji_wa_linux · saa 2:25 asubuhi

Turudi kwa swali la #1, hakuna aliyelijibu. Kusimamisha vCenter mpya kabisa kwa hosti tatu ni kazi ya saa moja na nusu. Unaweka apliansi, unaongeza hosti, VM zinaonekana. Unapoteza ruhusa, mafolda na historia ya grafu. Kwa hosti tatu, nani analia? Ningemwambia aanze upya na aende kulala. Tena aweke vCenter 8, inasimamia hata hosti za 6.7. Hosti zenyewe haziwezi kwenda 8 kwa sababu hizo Xeon ni za kizazi cha Sandy Bridge na ESXi 8 ilishaziacha, lakini vCenter haijali prosesa za walio chini yake.

#43 fundi_wa_vyeti · saa 2:38 asubuhi

Leseni, shemeji. Ufunguo wa 6 hauingii 8, na bila mkataba hai hupati wa kubadilishia. Atapata siku 60 za majaribio halafu hosti zitakatika moja moja.

Na kuna jingine. Programu ya bekapu haijui VM kwa jina, inaijua kwa namba ya ndani ambayo vCenter imeipa. vCenter mpya inagawa namba mpya. Kesho usiku bekapu itaziona VM zote kuwa ngeni na itaanza kuchukua nzima nzima kutoka mwanzo. Kama diski ya bekapu ilikuwa imebaki na upenyo mdogo, Jumatatu utakuwa na shida mbili. Kupandisha kunahifadhi namba, ndiyo maana watu wanavumilia mateso haya.

#44 shemeji_wa_linux · saa 2:41 asubuhi

Ya bekapu sikuifikiria. Nimekubali nusu.

#45 raki_ya_pili · saa 9:15 alasiri

IMEKUBALI. Niko 7.0. Nimeingia. Naona hosti zote tatu. Asanteni sana, Mungu awabariki, hata mhubiri.

#46 mpwani · saa 9:16 alasiri

Ilikuwa saa, sivyo?

#47 ni_dns_tu · saa 9:16 alasiri

Ilikuwa PTR. Sema.

#48 raki_ya_pili · saa 9:28 alasiri

Sijui.

Nilifanya hivi. Asubuhi nilikunywa chai kama mzee alivyosema, nikarudi, ya zamani ikanikubali mara ya kwanza. Nikarekebisha saa ya hosti ya 2, nikawasha NTP kwa zote tatu. Nikapiga `nslookup`, jina linaenda, IP hairudi, kweli PTR haikuwapo, nikaiweka. Nikapiga snapshoti nikaendesha `fixsts.sh` kwa sababu siku 11 zilinitisha. Nikafuta ile apliansi mpya yote, nikaanza hatua ya kwanza tena, safari hii juu ya hosti ya 1. Ikapita.

#49 MamaSeva · saa 9:30 alasiri

Umebadilisha vitu vinne kwa pamoja.

#50 raki_ya_pili · saa 9:31 alasiri

Vitano, nilibadilisha na waya wa mtandao.

#51 fundi_wa_vyeti · saa 9:33 alasiri

Hivi ndivyo tunavyokosa kujua chochote katika nchi hii.

#52 mpwani · saa 9:40 alasiri

Kuhama kutoka hosti ya 2 kwenda hosti ya 1 ni kuhama kutoka saa mbovu kwenda saa nzima. Kesi imekwisha.

#53 ni_dns_tu · saa 9:44 alasiri

6.7 iliishi miaka miwili bila PTR kwa sababu hakuna aliyeiuliza. Ya mpya inauliza kabla haijawasha vpxd. Kesi imekwisha kweli, ila hukumu ni nyingine.

#54 kiazi_karai · saa 9:45 alasiri

Mimi nasema ni waya.

#55 mzee_wa_jenereta · saa 11:52 jioni

Hongera kijana. Swali moja dogo tu. Huna HA, na huko kwenu stima inapotea. Bila shaka uliweka hosti ya 1 iwe inawasha VM zenyewe ikiamka?

#56 raki_ya_pili · saa 12:03 jioni

Ndiyo mzee. Hiyo niliiweka siku ya kwanza. vCenter ndiyo inayoongoza orodha.

#57 mzee_wa_jenereta · saa 12:05 jioni

vCenter gani?

#58 raki_ya_pili · saa 12:11 jioni

Ya zamani. Imezimwa lakini bado iko kwa orodha.

#59 mpwani · saa 12:12 jioni

Jina moja, IP moja. Allahu Akbar.

#60 shemeji_wa_linux · saa 12:14 jioni

Itoe kwa orodha sasa hivi na uing'oe kadi ya mtandao. Mimi niko Mombasa Road na taa zimeanza kucheza tangu saa kumi na moja.

#61 raki_ya_pili · saa 12:19 jioni

VPN imekataa. Natafuta boda.